Tulikubaliana Bodi Ndefu

Jumanne, 6 Julai 1999

Lori halikuja. Mikungu thelathini na tatu imelala kando ya barabara tangu alfajiri, nimeifunika majani makavu, na mimi nimekaa juu ya jiwe kama mlinzi. Ukungu haukuinuka mpaka saa tano. Saa saba kondakta wa basi akaniletea salamu za dereva wa lori – amepata mzigo wa mahindi, leo hapandi Mwika. Basi. Ndizi zangu hazina haraka kwake.

Mchana Hilaria akateremka kwenye basi la kutoka Mkuu. Naye amekwama na mzigo wake huko Rombo. Akavua viatu, akakaa karibu yangu. Miaka minane tunanunua ndizi kwa akina mama na kuziteremsha Moshi, na miaka minane tunaishi kwa huruma ya malori ya watu. Akasema: tununue gari letu. Alisema hivyo tu, kama mtu anavyosema tule. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 7 Julai

Nimemwambia Ndelilio habari ya gari tukiwa tunakata majani ya ng'ombe. Nilidhani atapinga. Tangu kiwanda kiuzwe na madereva wote wapewe barua za kuachishwa kazi, huu mwaka wa sita mume wangu yuko nyumbani, na habari ya magari humuuma. Lakini aliweka mundu chini. Akasema nunueni, nitaendesha mimi. Akaanza kunieleza habari za gia, mpaka ng'ombe akalia kwa njaa.

Nitamuuza ng'ombe wangu, Sikitu. Ndama wake atabaki. Sina kingine cha kuchanga.

Jumamosi, 10 Julai

Hilaria kaja tena. Shemeji yake wa Dar anawajua watu wanaoingiza pikapu za mtumba. Anasema ziko za aina mbili. Singo kebini, yaani viti vya mbele tu na bodi ndefu ya mizigo nyuma. Na dabo kebini – milango minne, viti safu mbili, bodi fupi.

Mimi sikuona cha kujadili. Tunauza ndizi, hatuuzi viti.

Hilaria akasema nisiwe na haraka. Fupi inakata kona vizuri, na barabara zetu tangu mvua za El Nino zimebaki mifupa. Ndefu ukiipakia ikapanda kilima, uzito wote unavuta nyuma, pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi. Halafu mvua ikinyesha akina mama watakaa ndani, si kulowa juu ya mikungu.

Nikamwambia akina mama wameshazoea kulowa. Ndizi ndiyo haijazoea kusimamishwa. Bodi fupi utaisimamisha mikungu, mingine itaning'inia nje, shingo zitavunjika. Mshare, ndizi yetu ya kupika, ukivunjika shingo, kufika sokoni Kiboriloni umeshakuwa mweusi. Nani atanunua?

Ndelilio alikuwa anapigilia mbao za banda. Akasema bila kugeuka: gari ni bodi, viti ni vya wavivu.

Nilijisikia fahari. Hilaria alimtazama, akainamia chai yake.

Jumatano, 14 Julai

Leo nimefanya jambo la kitoto lakini limesaidia. Jumapili baada ya ibada niliomba kupima pikapu ya mzee wa kanisa kwa futi kamba. Bodi yake ni futi saba na nusu. Kuna dabo kebini ya watu wa idara ya maji, nayo nikaipima – futi tano kasoro kidogo. Basi leo nikachora uani kwa kamba na vijiti, bodi mbili zikiwa ubavu kwa ubavu. Nikaanza kupanga mikungu.

Hilaria akanisaidia. Tulipanga safu ya kwanza, majani, safu ya pili, majani, safu ya tatu. Ndelilio alisimama akitoa maelekezo, hapo dereva hawezi kuona nyuma, hapo tairi itagusa. Bodi ndefu ilichukua mikungu arobaini na sita imelala vizuri. Fupi ishirini na nane, na tulikuwa tunasukuma. Hilaria ndiye aliyekuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika arobaini na sita alipiga makofi. Alinishika bega akasema, mwenzangu una akili.

Tulikula machalari, ndizi na nyama, wote watatu kwenye ile kamba ya bodi ndefu, tukisema tunajaribu gari.

Jumamosi, 17 Julai

Tumekubaliana bodi ndefu. Hilaria kasema sawa, nimekubali, umenishinda. Ndelilio akaongoza sala. Hilaria akapiga ishara ya msalaba, sisi Walutheri tukasema amina.

Yeye na Ndelilio ndio watakwenda Dar. Yeye kwa sababu ya shemeji yake, Ndelilio kwa sababu ndiye dereva na anajua kusikiliza injini. Mimi siwezi kuacha ndama na ndizi. Sikitu kachukuliwa jana na mtu wa Kwa Sadala. Sikutoka nje kumtazama akiondoka.

Jumatatu, 26 Julai

Wameondoka na basi la asubuhi. Nimewafungia kuku na ndizi za kuchoma. Nimemwambia Ndelilio tena, bodi ndefu. Akasema, Mama Loveness, unanifundisha?

Jumapili, 1 Agosti

Hakuna habari. Nimewaombea.

Nimewaambia akina mama kumi na wawili wasiwape madalali ndizi zao tena, gari letu linakuja. Mama Yuditha, mjane anayelima karibu na mfereji, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema sasa atakata mkungu akijua utafika sokoni siku hiyohiyo.

Alhamisi, 5 Agosti

Limefika.

Nilisikia honi saa tisa mchana nikakimbia na mikono ya unga. Jeupe. Limeoshwa. Nikaona mlango mmoja, nikaona mlango wa pili nyuma yake. Nikafikiri wamepewa lifti, hili ni gari la mtu mwingine, letu linafuata nyuma.

Hilaria akashuka akanikumbatia kabla sijauliza. Akasema ile ndefu waliikuta imeuzwa saa chache kabla. Zilizobaki zilikuwa mbovu. Shemeji akasema mkingoja meli nyingine ni miezi, na bei itapanda. Ndelilio akaongeza kwamba injini ya hili ni nzuri mno, haina moshi kabisa. Aliniambia haya akiwa anaangalia matairi.

Kadi imeandikwa jina la Hilaria kwa sababu ndiye aliyekuwapo. Langu litaongezwa.

Majirani wamejaa uani. Nimetabasamu mpaka taya zinauma.

Ijumaa, 6 Agosti

Haidhuru. Nimeamka nikasema haidhuru. Gari ni gari. Mtu anayesikitika kwa sababu gari lake lina viti vingi, Mungu atamwonaje? Tutakwenda safari mbili badala ya moja.

Jumamosi, 7 Agosti

Safari ya kwanza. Mikungu ishirini na saba, sita ikavunjika shingo kabla ya Himo. Ndelilio aliendesha vizuri, mgongo umenyooka, anapiga honi kwa kila mtu anayemjua. Nilikaa mbele. Nyuma viti vyote vitupu, vimefunikwa nailoni. Nikamwambia tuitoe ile nailoni tuweke mikungu minne pale. Akasema hapana – kwa haraka kweli. Vitachafuka.

Vichafuke, kwani ni vya nani? Sikuuliza. Nimeandika tu.

Alhamisi, 12 Agosti

Gari liko gereji Moshi tangu Jumanne. Ndelilio anasema ni breki, anakwenda huko asubuhi kulisimamia. Jumamosi litakuwa tayari. Nimewaambia akina mama wakate kwa ajili ya Jumamosi.

Jumamosi, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa moja na nusu tulikuwa barabarani, mimi na Mama Yuditha na wengine watatu. Mikungu imepangwa vizuri. Mama Yuditha peke yake alikuwa na kumi na mmoja, alivuna na ile aliyokuwa anaiwekea harusi ya mjukuu, kwa sababu nilimwambia lete. Tukasikia gari linapanda kutoka chini. Mama Yuditha akaanza kuondoa majani juu ya ndizi zake.

Lilikuwa letu. Ndani wazungu wanne, wekundu kwa jua, mmoja kamwinulia Mama Yuditha mkono. Kwenye bodi, mabegi makubwa na mapipa ya chakula chini ya turubai. Juu ya paa wameweka chuma cha kubebea mizigo. Mlangoni kuna picha ya mlima na maneno. Ndelilio alikuwa kwenye usukani, amevaa kofia ya kijani ambayo sijawahi kuifua.

Aliniona. Nilimwona akiniona. Akaangalia barabara mbele na hakupunguza mwendo.

Mama Yuditha kauliza, mwanangu, si lile? Nikamwambia silo, linafanana tu. Nimemdanganya mama mtu mzima kwa ajili yake.

Mikungu tuliirudisha kwa kichwa.

Jumapili, 15 Agosti

Ndelilio hakurudi. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimeshuka mpaka Marangu kwa miguu. Picha ya mlima niliikumbuka, nikauliza watu, nikaonyeshwa. Ni chumba kimoja, na mbele pameegeshwa magari mawili. Kulikuwa na kijana anaitwa Primus, ndiye anayepanga safari za wageni. Nilipojitaja aliinuka. Shikamoo mama. Akanivutia kiti, akaagiza soda. Kumbe mzee Ndelilio ananisifu sana pale.

Sikumwuliza chochote. Alisema mwenyewe kwa furaha, maskini, hakujua. Kwamba gari letu walilisubiri sana. Kwamba tangu Pentekoste, walipoandikishana na Ndelilio na Mama Hilaria, bosi alikuwa akiuliza kila wiki limefika wapi. Wageni ni wengi msimu huu. Na bosi alisema wazi, milango minne, bila hivyo hawezi kuwapa kazi. "Nashukuru mlikubali, mama. Watu wengi wa ndizi hung'ang'ania zile ndefu."

Nilimaliza soda. Nilimshukuru. Nilipanda kilima huku nahesabu. Pentekoste ilikuwa Mei. Mimi nilipanga mikungu ndani ya kamba mwezi wa saba. Lori lilipotuacha, walikuwa wameshaandikishana. Hilaria alipokaa karibu yangu pale barabarani akasema tununue gari, alikuwa ameshaandikishana.

Ndelilio nilimkuta nyumbani, anafua ile kofia.

Nikamwuliza, Pentekoste ulikuwa wapi? Akaendelea kufua. Nikasema, Primus kanipa soda. Hapo akaacha kufua.

"Ulisema gari ni bodi," nikamwambia.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Ningesema fupi ungeuliza kwa nini."

Basi. Alinijibu kama mtu anayeeleza njia. Kisha yakaanza kumtoka. Kwamba miaka sita anaitwa mume wa mama wa ndizi. Kwamba kilabuni wakimpa kikombe cha mbege, pombe ya ndizi, wanamwuliza mkeo kauza? Kwamba yeye aliendesha matrela mpaka mpakani, na sasa amwendeshee mke wake mishare? Pale wana mshahara, wana kofia, wageni wanamwita mista. "Nilitaka kuondoka asubuhi kama mwanaume mwenye kazi," alisema. Na macho yalikuwa na maji, nami nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angeniambia hivyo Mei, ningemsikiliza.

Nikamwuliza, na Sikitu? Akarudi kwenye kofia yake.

Jumanne, 17 Agosti

Kalala kwa baba yake mkubwa. Nimemlisha ndama, nimechota maji, nimepika, sikula.

Jumatano, 18 Agosti

Mkuu, kwa Hilaria.

Alikuwa anaanika kahawa kidogo aliyobaki nayo. Aliponiona hakushangaa. Akaleta kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima ndani ya basi, yote yakapotea, nikasema tu, "Mama Martin, kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi ndiyo sababu."

Hakudanganya tena, hilo nampa. Akasema mgongo wake umekwisha kwa mikungu. Kahawa hailipi, ndizi inaoza, wanaokula sasa ni wa mlima na wageni. Alitaka niingie nikiwa sijui, kisha nione faida, kisha nishukuru. Akasema sehemu yangu iko palepale, na jina langu litaongezwa kwenye kadi. Na siku ambazo hakuna wageni gari litabeba ndizi.

Nikamwuliza siku gani hakuna wageni.

Akafikiri. "Aprili," akasema. "Na Mei, kwa sababu ya mvua."

Kuku waliingia kwenye kahawa hakuwafukuza. Nikamwuliza siku ile uani kwangu, wakati anahesabu mikungu kwa sauti, alikuwa anafikiri nini moyoni.

Akasema, "Nilikuwa nahesabu kweli."

Huyu ndiye aliyemshika Loveness wangu usiku ule wa degedege mpaka tukafika hospitali. Nimempa siri ambazo mama yangu hakuwahi kuzijua. Nilisimama nikaondoka. Alinisindikiza hadi barabarani kama kawaida, nami nikamwacha anisindikize. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 19 Agosti

Ndelilio kaleta gari mchana, kaliegesha uani, kaingia kubadili shati. Ufunguo aliuacha mezani. Magari haya ya mtumba huja na ufunguo mmoja tu.

Sasa uko kwenye fundo la kanga yangu.

Aliutafuta chini ya meza, chini ya kitanda, nje kwenye majani. Mwisho akanitazama. Sikukwepa macho yake. Kaondoka kwa miguu.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimewaita Mama Yuditha na wenzake. Nimewaambia ukweli wote, pamoja na uongo niliosema barabarani. Mama Yuditha kasema alijua, alimtambua Ndelilio kwa pua. Hakutaka kuniaibisha.

Tumelipakia gari. Mimi sijui kuendesha wala wao hawajui, lakini tumelipakia. Bodi ilipojaa nikafungua milango ya nyuma, nikararua nailoni, tukapanga mikungu juu ya viti mpaka kwenye vioo. Utomvu unadondokea kitambaa. Mama Yuditha alipomaliza alifunga mlango taratibu, kama anayefunga mlango wa mtoto aliyelala.

Jumamosi, 21 Agosti

Gari limekaa. Ndizi zimekaa. Watu wanapita wanachungulia juu ya ua. Mchungaji kapita, kasema tutaongea. Nimemwambia karibu.

Jumapili, 22 Agosti

Naandika jikoni nimesimama, daftari liko juu ya kifuniko cha ndoo.

Nimetoka ibadani nikawakuta uani. Mzee Yoramu, baba mkubwa wa Ndelilio, miaka themanini, kaja na fimbo yake. Hilaria kavaa gauni la kanisani, katoka Mkuu moja kwa moja baada ya misa. Ndelilio kasimama nyuma yao, hana kofia.

Mkononi mwa mzee kuna jani la sale, limefungwa fundo.

Mchagga akiletewa sale anasamehe. Hata damu imemwagika, anasamehe. Babu yangu alilipokea kwa watu waliomchomea nyumba. Asiyelipokea huyo si mtu, na watoto wake wataonyeshwa kidole.

Nikamsalimu mzee, shikamoo baba. Akaitika. Akasema wanangu wamekosa, wamekiri mbele yangu, wameomba niwatangulie. Hilaria alikuwa analia kweli. Namjua anavyolia, hajifanyi. Nilianza kunyoosha mkono.

Hapo Ndelilio akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kesho saa mbili wageni wanne wanashuka uwanja wa ndege, na gari itabidi lioshwe ndani leo.

Mzee kamgeukia, kamwambia nyamaza. Lakini limeshatoka.

Nikarudisha mkono. Nikasema, baba, karibuni mkae, niwawekee chai kwanza. Nikaingia huku.

Wangekuja Alhamisi ningelipokea. Ningelia nao. Wangekuja Ijumaa, au hata jana. Wamekuja leo kwa sababu ya kesho. Au Hilaria kaja kwa ajili yangu na Ndelilio kaja kwa ajili ya kesho? Au mzee peke yake ndiye aliyekuja kwa ajili yangu? Sale ni moja. Haisemi imeletwa na nani. Nikiipokea nimewapokea wote, na ufunguo utaombwa kabla vikombe havijaoshwa. Nikikataa nimemkataa mzee Yoramu mbele ya majirani, naye hajanikosea.

Nawaona kwa upenyo wa ubao. Mzee kakaa, sale iko juu ya goti lake. Hilaria kamfunika mabega kwa kitenge chake kwa sababu upepo umeanza. Ndelilio anazunguka gari, anachungulia viti kupitia kioo, anajaribu mlango.

Mzee anauliza kwa mara ya pili kama chai bado. Nimemwambia bado kidogo, baba.

Imeiva kitambo.